Viatu vya Bibi wa Jindo

Suncheon

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na baridi hii? Usiniambie halijambo, maana nakujua, hata ukitambaa utasema u mzima. Sisi hatujambo. Ha-on anakusalimu sana. Mama mkwe naye anakusalimu, ingawa bado amenuna, na utaona kwa nini.

Nimesoma ulivyoandika kwamba nimlete Ha-on akae nawe Jindo moja kwa moja, kwa sababu mtoto asiyeona anahitaji mtu wa kumshika mkono kutwa nzima, nami kazi ya saluni inanimaliza. Nililia, Mama, kwa jinsi unavyotupenda. Ila usinijibu kabla hujamaliza barua.

Kuna mama mmoja, Bi. Noh, ambaye kijana wake haoni na sasa ni mtu mzima anayejitegemea. Jumamosi huwakusanya wazazi kama sisi, na siku nyingine hutupitia nyumbani. Alipokuja kwetu alimkuta mama mkwe kambeba Ha-on mgongoni, mtoto wa miaka minne, miguu inaning'inia. Akamwomba amshushe. Mama mkwe akaja juu, akasema yeye kalea watoto watano na hakuna aliyepotea njia ya chooni!

Bi. Noh alicheka tu, akauliza kwa nini Ha-on hulia kila akifika mlangoni. Tulidhani anaogopa ngazi. Kumbe mama mkwe, kwa mapenzi yake, alikuwa akikusanya viatu vyetu vyote na kuvifungia kabatini ili mtoto asijikwae. Bi. Noh akatuambia tuviache tunapovivulia, kila mtu na mahali pake. Haikupita wiki, Ha-on akapapasa pale chini, akatangaza: "Baba karudi! Bibi katoka, kavaa vile vya sokoni!" Viatu ndivyo vilivyokuwa vikimwambia nani yupo na nani hayupo, na sisi tulikuwa tukimnyima habari hizo. Mama mkwe aliporudi na kusimuliwa, alikwenda jikoni akajifanya anamenya vitunguu.

Sasa nikupe la moyoni. Siku ulipoondoka baada ya sikukuu ya Chuseok, ulivitafuta viatu vyako vya mpira hadi basi likakaribia kukuacha. Ukamgombeza mama mkwe kwamba usafi wake ndio umevipoteza, ukaenda na kandambili zangu. Hakuvigusa, maskini. Juzi nimevikuta ndani ya blanketi la Ha-on, vimeviringishwa vizuri. Nilipomuuliza, akanijibu kavukavu kwamba Bibi wa Jindo hawezi kwenda kwao peku.

Nyumba ilijaa wageni siku ile, Mama, na viatu vya mpira vya akina bibi vimefanana mlango mzima. Alichagua vyako, akapita navyo katikati ya watu wazima wenye macho yao, na hakuna aliyemwona. Huyo ndiye wa kushikwa mkono kutwa?

Simleti, Mama. Nisamehe. Msalimie Baba, na ukija mletee mama mkwe mwani wa huko, umwombe radhi. Viatu vyako viko mlangoni, upande wa kushoto, mahali alipopachagua mjukuu wako. Nilitaka kuvituma kwa posta, akakataa katakata. Anasema uje uvivae mwenyewe, na ukija atavificha tena.

Binti yako akupendaye,
Bo-gyeong