Tarehe Ukutani

Kisarawe, 3 Julai 2024

Mwanangu Zuwena,

Hujambo, na wajukuu zangu hapo Mkuza, Kibaha? Mimi mzima, ila kikohozi cha vumbi la kokoto hakijaniacha. Wakilipua mwamba kule machimboni, sahani huanguka kabatini. Kisima cha jirani yangu Mwanakheri kimekauka. Wenye machimbo wanasema nyumba zetu zimepasuka kwa uzee. Tarehe 18 mkaguzi wa serikali atakuja kutazama nyufa, ataanzia kwangu. Kabla ya hapo nakwenda Maneromango msibani; nitarudi asubuhi hiyo hiyo. Ufunguo uko kwa Mwanakheri.

Baba yako,
Mwinyijuma

Kibaha, 11 Julai 2024

Shikamoo Baba,

Pole na msiba. Huku tu wazima. Mgeni wa serikali akute ukuta wa mwalimu una nyufa, tena umechorwachorwa penseli kama nilivyouona Idi? Sikukubali. Namtuma fundi Jabiri apige lipu na rangi, na barua hii akuachie mezani. Usinigombeze, ni zawadi.

Mwanao,
Zuwena

Kisarawe, 19 Julai 2024

Mwanangu,

Marahaba. Moyo wako nimeuona, sikugombezi. Ila nikueleze, maana nimefundisha miaka thelathini na hili nikasahau kulieleza. Kila walipolipua, niliweka alama ya penseli pale ufa ulipoishia, na tarehe. Ufa wa uzee haungoji siku ya baruti. Alama arobaini na moja, Zuwena. Huo ndio uliokuwa ushahidi wa kaya zote kumi na tisa zilizolalamika.

Mkaguzi alipapasa ukuta, akacheka: "Mzee, nyumba yako inang'aa kuliko yangu!"

Mwanakheri akamjibu, "Ikwangue basi, ikuoneshe kidonda."

Mkaguzi akaandika: hakuna athari.

Baba yako

Kisarawe, 6 Oktoba 2024

Mwanangu,

Salamu zangu hazijajibiwa tangu Julai, na simu hupokei. Aibu isikufungie njia ya kwenu.

Alhamisi walilipua. Lipu ya Jabiri imepasuka kutoka dirishani hadi sakafuni. Niliitazama mpaka chai ikapoa, ndipo nikaelewa: ukuta wa zamani waliusingizia uzee, lipu ya miezi mitatu wataisingizia nini? Tumemwandikia mkaguzi arudi.

Alama sijaiweka. Mkono wangu siku hizi unatetemeka, na tarehe inataka kusomeka. Pandia basi hapo kituoni Kwa Mathias, uje na penseli, uiandike wewe.

Baba yako