Kura Zikilingana

4 Februari

Kwako kitinda mimba wetu,

Habari za huko? Mama hajambo, goti lake limetulia. Mimi mzima, ila nakohoa vumbi la chumba chetu cha majoho pale mahakamani, ambacho hakuna anayekifagia isipokuwa mimi. Natumai wewe, shemeji na watoto hamjambo.

Nimesikia umeweka kibao kipya mlangoni, herufi za shaba. Hongera. Changu bado ni kile cha mbao, na wateja wanakiona vilevile.

Neno lenyewe ni hili. Mwenyekiti wa tawi letu la chama cha mawakili ameteuliwa kuwa jaji, na kiti kiko wazi. Ukatibu nimeushika miaka tisa. Nimepanga zamu za kuwatetea mahabusu wasio na uwezo, nimesikiliza malalamiko ya wateja waliotapeliwa na wenzetu, nimeamua ugomvi wa mawakili wawili waliokuwa wameshavua majoho wapigane. Hata katiba ya tawi niliiandika mimi. Mchumia juani hulia kivulini, na mimi jua limenitosha.

Njoo mkutanoni na wenzako wa mji huo. Nakutegemea.

Dada yako

11 Februari

Dada,

Shikamoo. Sisi huku wazima, mwanao wa mwisho ameota jino. Mpe mama pole ya goti.

Barua yako nimekaa nayo kwa kukosa pa kuanzia. Mawakili wa huku wamenipendekeza mimi. Sikuwatuma. Niliwaambia kwamba wewe unagombea, wakacheka, wakasema ukubwa wa nyumbani ubaki nyumbani.

Ukisema nijitoe, najitoa leo.

Mdogo wako

15 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo sote, na hilo jino nimelifurahia.

Usijitoe. Sitaki kiti cha kupishwa kama mgonjwa kwenye foleni. Gombea, wanachama wanaijua kazi yangu.

Ila kwa kuwa tumeanza, niseme lililo moyoni. Kila tunapokuwa na kesi siku moja, wewe unaitwa kwanza, kwa sababu ulitia sahihi kwenye orodha ya mawakili kabla yangu. Siku ile tulipoapishwa pamoja ulikuwa ukitetemeka hadi kalamu inagonga meza. Nikakusogeza mbele yangu, umalize upesi ukakae. Tangu hapo ninakaa kwenye benchi kumngoja mtoto niliyembeba mgongoni amalize kuongea na hakimu. Inaniuma, na sasa umejua.

Dada yako

2 Machi

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Kura kumi na nane kwa kumi na nane. Kifungu cha tano kinasema kura zikilingana, kiti anapewa aliyetangulia kutia sahihi kwenye orodha ya mawakili. Nilikiandika mwenyewe, miaka ile wazee wawili walipokuwa wakigombea na nikaona bora yawepo maneno ya kuwanyamazisha. Wewe hukunijia akilini kabisa. Msimamizi alipokisoma, ukumbi mzima ulinigeukia mimi, kisha wakaanza kukupigia makofi wewe.

Basi tusidanganyane. Hukunishinda kwa kura. Umenishinda kwa sahihi, na ile nafasi nilikupa mimi. Nina wivu, na sioni sababu ya kuuficha.

Ufunguo wa chumba cha majoho utaupata nikiwa tayari.

Katibu wa Tawi

9 Machi

Dada,

Shikamoo, hata kama hutaitikia. Mama anasema huli vizuri. Kula, tafadhali.

Mawakili wanavalia majoho uani, nyuma ya magari, na juzi upepo ulimvua mmoja mbele ya mteja wake. Wanauliza kuna nini. Nimewaambia kitasa kimeharibika.

Kura ni siri, na nilitaka nife na yangu. Lakini umeandika kwamba sikukushinda kwa kura. Dada, kura yangu nilikupa wewe.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo, na mimi nakula.

Nimeirudia hesabu hadi nikachoka nayo. Ungejipigia, ungepata kumi na tisa, mimi kumi na saba, na kifungu cha tano kisingefunguliwa. Kumbe hata ile sare niliyokuwa nikiililia nilipewa na wewe.

Ufunguo anauleta tarishi wa mahakama. Waambie kitasa kimepona. Ajenda ya kikao chako cha kwanza nimeshaiandaa, na hoja ya kwanza ni kukifuta kifungu cha tano. Mbele za watu nitakuita Mheshimiwa. Ukija kwa mama utaosha vyombo kama kawaida.

Usidhani wivu umeisha, umehama tu. Kiti nitakizoea. Kinachoniuma sasa ni kwamba mimi nilijipigia mwenyewe, na najijua, hata leo ningejipigia tena.

Dada yako