Pikipiki Haiuzwi Tena

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Sufuria yenye oili chafu usiiguse, nitaiosha mwenyewe. Na yule wa vyuma chakavu mpigie simu haraka, asije!

Asubuhi nimefungua kile kitabu cha ufundi. Kurasa mbili zilikuwa zimegandana kwa grisi ya vidole vyako, mume wangu, na maelezo ya silinda ya pili yamefichwa humo ndani. Ndiyo maana ulirekebisha valvu za silinda ya mbele tu. Ile ya nyuma hukuigusa, miezi yote hiyo unaitukana pikipiki ya watu! Nimeirekebisha. Kubonyeza stata tu, ikanguruma mpaka jirani akatoka na mswaki mdomoni.

Narudi ~~saa nne~~ nikichoka kucheka.

Helmeti yako imenikaa vizuri. Jioni twende wote, wewe utakaa nyuma.

Mama watoto