Pazia la Shanga Lililobaki Nusu

Mama,

Shikamoo. Najua hapo umeitikia marahaba kwa ile sauti yako ya chini, huku vidole vinatafuta uzi mapajani. Na najua sauti unayoisikia si yangu. Barua nimempa Zuhura ailete, lakini nimemkataza asikusomee yeye. Nimetaka akusomee Asha. Asha mdogo wangu, soma polepole, usiruke mstari, hata ukifika pale utakapotamani kuruka. Ukiruka nitajua, maana mwanangu nimemwambia akae karibu na wewe.

Mama, wiki iliyopita Asha alinipigia simu. Aliposema, "Mama Zuhura, ni mimi Asha wa Kisarawe," niligeuza ndoo nikaikalia. Mke wa sasa hampigii mke wa zamani kuuliza bei ya nyanya. Nikasema moyoni, kuna msiba. Kumbe si msiba. Akaniambia presha ya macho imemaliza kazi yake, lile jicho la kulia tulilokuwa tunalitegemea nalo limefunga. Akaniambia pazia la shanga la Zuhura, lile la mlango wa chumba atakachotokea siku ya harusi, limebaki nusu. Limening'inia kwenye msumari na hutaki mtu aliguse. Aliomba alimalizie yeye, ukamjibu neno moja tu: "Mwenye kazi hiyo yuko Mbwawa."

Kwa hiyo akanisihi nije nilimalize kabla ya harusi. "Njoo dada," akasema, "mimi sitaki kugombana na mama." Nikamwambia anipe siku chache nifikirie. Nimefikiri, na jibu ninalo. Ila nikilitanguliza utakasirika na mengine hutayasikia, na mimi nina mengi.

Unakumbuka nilivyoingia kwako, nilipoolewa na mwanao Hamisi? Binti wa Kipare niliyekulia Mbwawa, mikono inajua jembe na kupima sukari dukani kwa baba, kukaa kitako siwezi. Siku ya tatu ukanipa sindano ya kroshia, bunda la uzi na sahani ya shanga, ukaniambia nifume bangili. Nikakuuliza shanga zinaingia vipi kwenye uzi. Ukasema zote zinatungwa kwanza, kabla sijafuma hata kitanzi kimoja, tena kwa kurudi nyuma, maana utakazozitunga mwanzo ndizo utakazozifuma mwisho. Nilikuona mama unaniletea vitimbi vya wakwe. Nikatunga nilivyojua mimi. Bangili ikatoka na maua yaliyosimama kichwa chini, ukaivaa hivyo hivyo ukaenda nayo sokoni. Watu wakiuliza unawaambia, "Kafuma mkwe wangu, kwao maua yanaota hivi."

Na ile siku nilipotunga ushanga mmoja wa ziada katikati ya mkufu. Nilikuwa nimeshafuma karibu shubiri nzima, nikaanza kufumua huku machozi yananilenga. Ukanipokonya. Ukachukua koleo la marehemu baba, mumeo, ukaufunika ule ushanga kwa pindo la khanga ili vigae visiruke machoni, ukabana. Tak. Uzi mzima, kazi nzima, ushanga mmoja tu umekwenda. "Mpare wangu," ukasema, "wewe unafumua mkufu kwa ajili ya huyu?" Mpaka leo nikikosea nafunika na khanga nabana, na sijapata kukata uzi.

Sasa Asha, hapa ndipo utakapotaka kuruka. Usiruke.

Mama, ulikwenda Maneromango mazikoni, ukaniachia kitambaa cha meza nikimalizie, maana Jumapili walikuwa wanakuja watu wa posa ya Mwajuma. Nilitaka wifi yangu apokelewe kwa heshima. Shanga za ukingoni zikaniishia zimebaki kona mbili. Mtu mwingine angekwenda dukani. Mimi nikapekua chumbani kwako, nikakuta kopo la maziwa chini ya kitanda, ndani kuna shanga za zamani zimetungwa nyuzi nyuzi, nyekundu na nyeupe, zimeng'aa kwa kuvaliwa. Kwetu shanga ni za shingoni basi, hakuna aliyenieleza mengine. Nikaona, hizi mama kazisahau, zinakaa bure. Nikakata nyuzi, nikatunga upya, nikafuma ukingo mzuri kuliko kazi zangu zote.

Ukarudi Jumapili asubuhi wageni wako njiani. Hukupata nafasi hata ya kuingia sebuleni. Mara wazee wameshakaa, chai imeshatengwa, vikombe viko juu ya kitambaa, mzee mmoja mwenye kofia anachezea shanga za ukingoni kwa kidole huku anazungumzia mahari. Akaingia somo yake Mwajuma, kungwi aliyemfunda, Bi Tatu. Akakitazama kitambaa. Akajiziba mdomo kwa khanga, akatoka kinyumenyume mpaka uani, akakunong'oneza mbele yangu, "Mwenzangu, kiuno chako kiko mezani, wanaume wanakinywea chai."

Nilitamani ardhi inimeze. Wewe ulikwenda ukachungulia mlangoni, ukaona ni kweli, ukaingia ukawasalimia wageni, ukawaongezea chai kwa mkono uliotulia kabisa. Mzee akakisifu kitambaa. Ukamwambia ahsante, ni kazi ya mkwe wangu. Posa ikapokelewa, wakaondoka. Ndipo ukaja jikoni ukakaa chini ukacheka mpaka ukashika mbavu, Bi Tatu anacheka, mimi nalia naomba radhi. Ukaniambia zile shanga alikuvisha kiunoni somo yako, na kwamba marehemu baba alikuwa akizisikia tu zinagongana anajua umeamka, anageuka upande wa pili alale tena kwa amani. Nikataka kukifumua kitambaa siku ile ile. Ukanizuia. "Aliyekuwa anazisikia hayupo," ukasema. "Ziache zikae na watu."

Mama, mimi siku ile ndiyo nilianza kukupenda. Kabla ya hapo nilikuwa nakuheshimu tu kwa sababu ya Hamisi.

Ya Hamisi sitayasema mengi. Ni baba wa mwanangu, tena barua inasomwa na mkewe. Tulichokana, yeye na mimi, miaka kumi na tisa si haba, akaandika talaka mbele ya mjomba wangu na mimi nikaipokea. Hilo lilikwisha. Lililobaki kunikaba ni lako. Asubuhi nilipotoka na begi langu mlango wa chumba chako ulikuwa umefungwa. Nilisimama ukumbini kwa muda, nikisubiri komeo litoe sauti. Halikutoa. Mwenye bodaboda akapiga honi nikaondoka. Njia nzima ya Kiluvya, vumbi lote lile, nilikuwa najiambia, sawa, damu ni damu, amemchagua mwanawe.

Na kwa hasira hiyo nikafanya jambo la kitoto. Ile sindano ya kroshia uliyonipa siku ya tatu ya ndoa niliifunga kwenye gazeti nikakurudishia kwa mtu wa bodaboda, bila salamu, bila neno. Nilitaka ikuume. Kwenye simu ile Asha aliniambia iliuma. Ameniambia unailalia chini ya mto na hakuna anayeruhusiwa kuishika. Nisamehe mama. Nina umri wa kuozesha binti na bado naona aibu kama mtoto aliyevunja sahani.

Ameniambia na la mlango. Mwajuma alikuwa humo chumbani na wewe siku ile, ndiye aliyemsimulia. Kwamba ulikuwa umekaa sakafuni umeuegemea mlango kwa mgongo, khanga umeing'ata, unamwambia Mwajuma, "Nikifungua nitamshika, na nikimshika simwachii, na talaka ya mtu nitaitengua kwa haki gani?" Miaka minne nimeishi na mlango uliofungwa, kumbe tulikuwa tumeachana kwa ubao mmoja tu.

Huku sikuacha kazi. Nafuma vifuniko vya jagi, vile vya uzi mweupe wenye shanga pembeni za kuvipa uzito. Mama lishe wa Kwala wanavigombania, maana malori ya bandari kavu yakipita chai yao inakuwa uji wa vumbi. Wasichana wa Pangani ya huku kwetu wananiagiza hereni na bangili, wanaleta picha kwenye simu, "Mama, nitolee kama hii, iwe kali." Wakiuliza nimejifunzia wapi nasema kwa mama mkwe wangu, Kisarawe. Jirani yangu mmoja akanicheka, mkwe gani na wewe umeachika? Nikamwambia nimeachwa na mwanawe, yeye hajaniacha. Nilisema hivyo kumnyamazisha tu, mwenyewe sikuwa na hakika.

Sasa nina hakika. Na hapa nitasema kitu kibaya, Asha nivumilie. Uliponiambia mama hataki mkono wako uguse lile pazia, kwamba mpaka leo hajakuita mkwe wala mwanangu, anakuita "mgeni", mgeni niletee maji, mgeni funga dirisha, mimi nilifurahi. Nilikata simu nikacheka peke yangu. Siku tatu nilitembea Mbwawa nzima kifua mbele. Nafasi yangu ipo, nikasema, imetunzwa, hakuna aliyeikalia. Furaha yangu ilikuwa mbaya lakini ilikuwa tamu, siwezi kukudanganya.

Siku ya nne nikawa nawaza habari za macho yako mama, nikajiuliza, dawa ya matone anamtia nani? Mara tatu kwa siku, kichwa kiinuliwe, kope zishikwe. Nani anamchemshia maji ya kuoga, nani anampeleka uani, nani alikaa naye hospitali mpaka jioni? Si mimi. Mimi niko huku na kifua changu mbele. Ni huyo mgeni. Miaka mitatu sasa, na hata mgeni wa msibani huwa anazoeleka kwa muda mfupi kuliko huo.

Basi jibu langu ni hili. Pazia sitalimalizia.

Usiinuke mama, kaa. Nakupenda kuliko nilivyowahi kukwambia mdomoni, ndiyo maana nakataa. Nikija nikalimaliza mimi, Zuhura atapita mlangoni pazuri, watu watasifu, mimi nitarudi Mbwawa, na Asha atabaki mgeni ndani ya nyumba anayoifagia kila asubuhi. Mimi hilo sitaki liwe kazi ya mikono yangu. Ulinifundisha kupamba nyumba za watu, hukunifundisha kumfungia mtu nje.

Mpe sindano. Ile ile, itoe chini ya mto. Utasema huoni, utamfundishaje? Mama, wewe mimi ulinifundisha huku unachambua mchele, hukuwa unanitazama. Ulikuwa unapitisha kidole gumba juu ya kazi yangu na unasimama palepale nilipokosea. Kidole gumba hakina presha ya macho. Yeye atunge, wewe upapase. Atakosea, atakupandisha hasira, atatunga maua kichwa chini kama mimi. Utacheka, na nyumba yenu, nasikia, haijasikia kicheko siku nyingi.

Wivu ninao, sikatai. Nitakapoliona pazia nitatafuta mahali nusu yako inapoishia na ya kwake inapoanzia, na nadhani hapo moyo utaniuma kidogo. Uniume tu. Mimi nilikupata miaka kumi na tisa, macho yako yakiwa mazima. Asha amekupata na dawa ya matone, na hajakukimbia.

Harusini nakuja, mimi ndiye mama wa bi harusi, atakayenizuia hajazaliwa. Lakini nitatangulia kuja kabla, siku ya kawaida tu, bila kuaga mtu. Nitashuka pale kwenye mteremko, nitakuja kwa miguu, nitasimama mlangoni kwenu nibishe hodi. Hutaniona. Nami sitaki uijue sauti yangu haraka. Nataka nisikie unavyomgeukia aliyekaa pembeni yako na kumuuliza, "Mwanangu, nani huyo?"

Ukimuuliza yeye hivyo, ndipo nitaingia.

Mwanao mwingine,
wa Mbwawa.