Kitenzi cha Kumshuhudia Sahra

Jumamosi, saa nne asubuhi. Hapa mtaani Umoja, Nairobi, kuna manyunyu tangu alfajiri, na nguo za majirani zinaning'inia kwenye roshani bila tumaini la kukauka.

Wasomaji wangu, ninaomba radhi kwa kimya cha miezi saba. Sikuwa mgonjwa wala sikusafiri. Nilikuwa na aibu, na mtu aliyefundisha Kiingereza kwa miaka thelathini na minne haoni rahisi kuandika kwamba aibu yake ilitokana na kitenzi kimoja cha Kiingereza.

Leo nitaandika.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Mama Sahra, mwenye duka la vitambaa. Sahra ni kifungua mimba wake. Alizaliwa hapa hapa nyumbani kwao, miaka ishirini na mmoja iliyopita, mikononi mwa mkunga ambaye sasa ni marehemu, na hakuna aliyekwenda kuandikisha kuzaliwa kwake. Kwa familia yangu hilo lingekuwa usumbufu mdogo. Kwa familia yenye majina ya Kisomali, ni ukuta. Ili Sahra apate kitambulisho, lazima apite mbele ya kamati ya wazee, na lazima jirani aandike kwamba anamjua tangu utotoni.

Miezi saba iliyopita aliniomba barua hiyo. Niliiandika kwa uangalifu niliouzoea. Kwa kuwa sikuwamo chumbani siku aliyozaliwa, niliandika kwamba mama yake "claims", yaani anadai, kuwa binti alizaliwa hapa. Ni kitenzi cha mtu anayeripoti neno la mwenzake bila kulibeba. Nilikisoma mara mbili nikaridhika nacho.

Afisa wa vitambulisho aliisoma barua kwa sauti, kisha akamwambia Sahra, "Hata mwalimu wenu hana hakika na wewe." Faili ikarudishwa.

Sahra hakunilaumu. Aliendelea kuniamkia kila asubuhi, kwa heshima ile ile.

Hilo ndilo lililoniuma.

Sasa amepata kazi ya ukarani katika ghala moja huko Industrial Area. Wamemwekea nafasi hadi mwisho wa mwezi. Bila kitambulisho, atachukuliwa mwingine. Kamati inakaa tena Alhamisi. Jana alasiri yeye na mama yake walikuja mezani kwangu, nami nilikuwa nimejiandaa kwa karatasi yenye vitenzi sita.

"State" kinaliweka jambo mezani na kuondoka zake. "Assert" kinaigonga meza. "Maintain" ni cha mtu aliyekwisha kupingwa na bado hajasogea. "Declare" kinataka umma usikie. "Affirm" kinakubali kubeba lawama, ila bila kumtaja Mungu. "Swear" kinamwita Mungu aje akae kando ya kalamu.

Nilikuwa nimechagua cha mwisho. Nilitaka kulifuta kosa langu kwa kitenzi kizito kuliko vyote. Niliwasomea, kisha nikawafasiria: naapa kwamba Sahra alizaliwa katika nyumba ya jirani yangu.

Sahra alipiga makofi. "Hapo sasa, Mwalimu! Hiyo imeshiba. Peleka hiyo tuishe na hii stori."

"Nyamaza wewe," mama yake alisema. Akanigeukia. "Mwalimu, ulimwona akizaliwa?"

"Sikumwona, Mama Sahra. Lakini najua."

"Basi usiape. Kiapo cha kitu hukukiona kitakushika wewe, na mtoto wangu atatembea nacho mfukoni maisha yake yote. Mimi sitaki."

"Hooyo!" Sahra alimlilia mama yake. "Nitakosa kazi!"

"Ikose ukiwa safi."

Nilibaki nimeshika kalamu hewani. Huyu ndiye aliyepanga foleni na binti yake tangu giza la alfajiri, akarudi mikono mitupu. Hakuna mtu katika mtaa huu mwenye haja ya kiapo changu kama yeye, na ndiye aliyenirudishia. Mimi, mlinzi wa usahihi, nilikuwa tayari kudanganya kidogo kwa Kiingereza kizuri.

Niliiweka kalamu chini. Kisha Mama Sahra akaanza kucheka peke yake.

"Lakini Mwalimu, nyama si ulikula?"

"Nyama gani?"

"Ya akika yake! Siku ya saba tangu azaliwe. Dada yangu alikuletea sahani mpaka mlango huo. Ukauliza mbona mifupa haikupasuliwa. Tulikusikia kupitia ukutani, tukacheka mpaka mtoto akaamka."

Yote yalinirudia. Sahani ya bati ya buluu, iliyofunikwa kwa leso. Mguu mzima wa mbuzi, uliokatwa kwenye kiungo. Mimi nililalamika kwa sababu nilipenda kunyonya uboho. Mke wangu, Mungu amrehemu, aliniambia niteremshe sauti: mbuzi wa akika havunjwi mifupa, kwa sababu mtoto anaombewa viungo vizima. Baada ya hapo aliwapelekea uji wa wimbi katika zile siku arobaini ambazo mzazi hatoki nje. Siku alizoumwa magoti, nililibeba birika la uji huo mimi mwenyewe, nikaliacha mlangoni. Na nilikisikia kilio cha mtoto nikisahihisha insha. Hicho nacho nilikilalamikia.

Sahra alinitazama, macho yamemtoka. "Yaani Mwalimu, ulikula mbuzi wangu halafu ukaniandikia 'claims'?"

Nilicheka kuliko wote. Kisha sikuweza kucheka tena.

Asubuhi hii nimeiandika barua upya. Nimeanza na "state", kilicho dhaifu kuliko vyote sita. Baada yake nimeweka vitenzi vya watoto wa darasa la tatu: nilisikia, nilibeba, niliuliza, nilikula. Nimeandika juu ya mfupa mzima. Nilipomaliza niliitazama ile karatasi kama mtu aliyeingia katika nyumba yake na kukuta chumba asichowahi kukifungua. Miaka yote ile niliwafundisha watoto wa watu kwamba uzito wa kauli uko katika kitenzi kinachoitangulia. Na ushahidi wa msichana huyu nilikuwa nimeula kwa mikono miwili, nikanawa, nikausahau.

Mama Sahra amepita kabla ya kufungua duka, nikamfasiria mstari kwa mstari. Alisikiliza amesimama, mwavuli ukidondosha maji sakafuni pangu. "Hii," akasema, "unaweza kuirudia mbele ya Mungu."

Sahra bado ana hofu. Anasema wazee wa kamati wataiona ni barua ya vichekesho, mwalimu mzima na habari za mbuzi. Huenda yuko sawa. Huenda walitaka kile kiapo, na karatasi yangu ya ukweli ikamkosesha kitambulisho mara ya pili. Nimeombwa nihudhurie, na nikiulizwa kama naweza kuapa kwamba nilikula nyama ile, nitaapa kabla swali halijaisha.

Alhamisi watakata shauri. Jioni ya siku hiyo nitaandika hapa neno moja, amepewa au amenyimwa, na sitalitafutia kitenzi cha kulilainisha.