Kura za Mabibi

Jumatatu, 1 Desemba
Nimetoka sokoni na ndizi na nyama ya kesho. Kufungua simu, ukurasa wangu wa mapishi haupo. Umefungwa. Eti video ya kukaanga kumbikumbi ni ukatili kwa wanyama. Kumbikumbi! Nimecheka, kisha nimelia. Kamati ya harusi ya Mwalimu Fidelis inachagua mpishi Jumapili, na walitaka kuona kazi zangu humo humo. Nimekata rufaa.

Jumatano, 3 Desemba
Rufaa imegonga mwamba. Nimeripotiwa na watu wengi, tena kila siku. Nani hao? Editha, mpishi mwenzangu wa jumuiya, naye anaitaka kazi ya hiyo harusi. Sina ushahidi. Nina hasira tu.

Alhamisi, 4 Desemba
Nimeunguza ugali. Mimi, mpishi.

Jumamosi, 6 Desemba
Leo jumuiya yetu ya kanisa ilisali kwangu. Wakati wa matangazo Bibi Anastasia akasimama na simu yake, uso unang'aa.

"Mwanangu, mabibi wote tulikupigia kura kila siku. Ukurasa ulipopotea tukajua umeshinda."

Kura gani? Akanionyesha kwenye ukurasa mwingine wanapobonyeza. Ni pale pa kuripoti! Nikauliza nani kawafundisha.

"Si ni Editha huyu hapa! Alisema ni shindano la wapishi."

Editha akainamia rozari yake. Nilitamani kumrukia. Badala yake nikawaeleza mabibi walichokuwa wanabonyeza. Bibi Anastasia akakaa chini taratibu, akamwambia Editha, "Kumbe umetutuma tumchinje mwenzetu."

Jumapili, 7 Desemba
Mabibi wamevamia kikao cha kamati! Wote na vitenge vya jumuiya. Katibu kanisimulia huku anacheka. Walisema waliofunga ukurasa ni wao, na chakula changu wamekila miaka yote, waulizwe wao. Hawakutoka mpaka jina langu likaandikwa.

Harusi ni yangu. Yangu! Nimecheza jikoni peke yangu na mwiko mkononi. Kisha nimekata rufaa tena, nikaeleza kila kitu.

Alhamisi, 11 Desemba
Ukurasa umerudi. Kumbikumbi wangu wote wapo. Aliyenuna na anune.

Jumamosi, 13 Desemba
Jumuiya kwa Bibi Anastasia. Mvua tangu asubuhi. Tulipotakiana amani Editha alinifikia mwisho, akanyoosha mkono. "Nisamehe, dada."

Moyo bado haujapoa. Mkono nimempa. Wageni wa harusi ni wengi, nimemwambia awahi kuja kumenya vitunguu.

Amekubali.