Salamu za Bibi Kwenye Mkanda wa Harusi

Milanzi,
Sumbawanga.
Jumapili, 19 Agosti 2001.

Mpendwa Mjomba Felisian,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima na kile kifua chako kimetulia. Sisi huku hatujambo, ila baridi. Mwezi huu upepo umekuja na hasira zake zote, na asubuhi mtu akitoka nje anarudi ndani kutafuta sweta la pili. Wewe uliyezoea joto la Tanga nadhani umeshasahau meno yanavyogongana. Siku tukikuona hapa tutakuazima blanketi, halafu tutakucheka.

Mama hajambo. Goti lake linamsumbua akipanda ngazi za kanisani, lakini kuimba bado anaimba, na kugombana na mwalimu wa kwaya bado anagombana. Mahindi tumepata si haba, ulezi nao umekubali. Maharage ndiyo yalipigwa na mvua za mwisho, kwa hiyo mwaka huu tutayala kwa heshima.

Bibi amepata majirani wapya kule Kaengesa, familia ya Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Kila jioni wanamletea maziwa, na hawaondoki mpaka wamuulize habari za siku nzima. Anasema wana adabu kuliko sisi wajukuu zake. Kwa nini anasema hivyo utaelewa huko mbele, kwa sababu adabu inayopungua ni yangu.

Kwenye barua yako ya Mei uliniuliza kukata mikanda ya video ni masomo gani. Usijali, si wewe peke yako unayeuliza. Mama anawaambia watu wa jumuiya kwamba binti yake anasomea video, basi wananisimamisha njiani wakitaka niwaazime filamu za ngumi.

Studio yetu iko Majengo, nyuma ya duka la magodoro. Mwalimu wetu anaitwa Lugano, mtu wa Mbeya aliyejifunzia kazi hii Dar es Salaam, na nywele zake huwa anazitia mafuta kama bwana harusi hata siku ya Jumatatu. Tuko wanafunzi watatu, msichana ni mimi tu. Kuna deki mbili na luninga mbili. Deki moja inacheza mkanda uliotoka kwenye kamera, nyingine inarekodi yale unayoyataka. Unatafuta mahali picha inapoanza, unasimamisha deki zote mbili, unazirudisha nyuma kidogo, unaziachia zikimbie pamoja, halafu unabonyeza. Ukiwahi, picha inaruka. Ukichelewa, mtu anaanza kucheka kabla hajaambiwa neno. Wiki za kwanza nilikuwa nikirudi nyumbani vidole vinatetemeka, na mama akadhani nina malaria.

Siku hizi nimezoea, Mjomba, na nisifiche, naipenda kazi hii kupita kiasi. Nimejifunza kwamba ukimkata mtu akiwa anageuza kichwa, mtazamaji haoni kwamba umekata, kwa sababu jicho lake limefuata kichwa. Nimejifunza kwamba kamera ikitikisika unaweza kuficha aibu hiyo kwa kuweka picha ya mikono ya watu wanaopiga vigelegele. Na sauti ukiiacha iendelee huku picha imebadilika, watu wanakubali kwamba bado wako mahali pale pale. Naona mambo haya kila mahali sasa. Padre akihubiri, mimi namkata kichwani.

Lakini somo ambalo Mwalimu Lugano analipenda kuliko yote ni la kutoa. Mteja anataka keki, anataka pete, anataka kucheza. Watu wanapokaa tu, au wanapongojana, au wanaporudia jambo lile lile, toa. Analirudia mpaka linakuingia kwenye damu.

Sasa nifike kwenye harusi ya dada Evodia. Uliandika kwamba usingeweza kuja, na hakuna aliyekulaumu. Tunajua tangu kiwanda kilipobinafsishwa na ninyi mkaambiwa mwende nyumbani, mambo hayajakaa sawa. Harusi ilipendeza. Shedrack alivaa suti iliyomkaa vizuri, na wazee wake waliotoka Mbeya walijaza benchi zetu zote mpaka tukaazima za shule. Kamera alishika Mwalimu Lugano mwenyewe. Na baada ya hapo, kwa mara ya kwanza, akaniachia mimi niuhariri mkanda wote, mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ni harusi ya kwetu.

Nilijitahidi, Mjomba. Nilikata kama fundi. Wewe unajua salamu zetu za Kifipa zilivyo. Bibi alipowapokea wale wazee wa Mbeya alichuchumaa, akapiga makofi yale ya taratibu, akauliza habari za safari, za nyumbani, za watoto, za mifugo. Wao wakapiga makofi, wakajibu, wakauliza. Akaja mzee mwingine, wakaanza upya. Mimi nilikuwa mbele ya deki na somo la mwalimu kichwani, nikaona watu wanaorudia jambo lile lile. Nikatoa zote. Bibi akitokea mlangoni, kata, Bibi amekaa na sahani ya pilau mapajani. Mwalimu aliitazama ile sehemu mara mbili akasema sasa naanza kuelewa kazi. Nilirudi Milanzi siku hiyo nikitembea kama nina vyeti kumi.

Jumamosi iliyofuata Bibi aliletwa mjini kwa ajili ya macho yake. Hilo nalo nikueleze vizuri, kwa sababu mama hakupenda nikuandikie. Macho yanafifia. La kulia limeshafunikwa, la kushoto linaona mchana tu, na akitazama luninga anaisogelea mpaka pua inakaribia kugusa kioo. Daktari amempa dawa ya matone, lakini hakuahidi kitu.

Tukaenda kuutazama mkanda sebuleni kwa jirani yetu Eustaki, mwenye luninga kubwa. Watu walishangilia, walicheka, walijitafuta. Bibi wa kwenye mkanda alipotokea na ile sahani ya pilau, Bibi mwenyewe akaniambia nisimamishe hicho chombo.

"Rozina," akasema, "mbona nimeingia kwa watu na kuanza kula kama mbuzi?"

Nikamweleza habari za kufupisha. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama huko kwenye masomo wamenifundisha pia kufupisha wakwe. Sebule nzima ikacheka isipokuwa yeye. Akasema mkanda huu ulikuwa uende kwa Felisian, na Felisian hatamwona mama yake akiwa hivyo. Tukimpelekea, tumpelekee mama mwenye akili timamu aliyemsalimia mgeni wake kwanza. Mama alijaribu kumtuliza. Hakutulia.

Hiyo ndiyo sababu hukupata mkanda mwezi wa saba kama tulivyoahidi. Bibi aliuzuia.

Nilikimbia studio Jumatatu asubuhi kutafuta mkanda wa kamera ili nirudishe zile salamu. Kwetu, mkanda wa kamera ukishamaliza kazi unarekodiwa upya, ndiyo desturi ya studio zote ndogo. Nikakuta harusi yetu imeshafunikwa na Kipaimara. Nilipouchezesha, mahali pa Bibi walikuwepo watoto wa watu wamepanga mstari mbele ya askofu. Nililia, Mjomba. Mwalimu Lugano akadhani nalilia mkanda, akaniambia mikanda ipo mingi.

Nilikwenda Kaengesa mwenyewe kumwambia Bibi. Nilitegemea atanifukuza. Alikuwa anapepeta ulezi, akaendelea kupepeta, akawaza. Kisha akasema kwamba wale wazee wa Mbeya walikuwepo, walisalimiwa, walijibu, jambo lao limekwisha na halina haja ya mkanda. Ambaye hakusalimiwa ni mmoja tu. Akaniagiza nirudi na kamera.

Mwalimu aliniazima kamera kwa shingo upande, akaja nayo yeye mwenyewe kuilinda. Tukamkuta Bibi amevaa kitenge kile kile cha harusi na kitambaa cha kichwani. Nikaanza kutafuta mwanga mzuri na mahali pa kusimama. Yeye akauliza, Felisian atakuwa wapi? Nikamwonyesha kioo cha kamera, nikasema atakuwa nyuma ya hiki. Basi akasema mgeni haachwi amesimama. Akaleta kigoda, akakitandika kanga, akaamuru kamera iwekwe pale. Halafu akatutoa wote nje, na Mwalimu Lugano na mafuta yake ya nywele.

Kwa hiyo picha utakayoiona iko chini chini, na pembeni kuna mguu wa meza. Ukuta ni wa Kaengesa wakati harusi ilikuwa Milanzi, vivuli ni vya asubuhi na vya harusi ni vya mchana. Mtu wa kazi yetu atayaona makosa hayo haraka. Nimeyaacha. Ndiyo mwanzo wa mkanda, kabla ya kanisa, kabla ya bibi harusi, kwa sababu Bibi amesema hakuna kula kabla ya salamu.

Anakuja, anachuchumaa, anakupigia makofi. Anakuuliza kwa Kifipa habari za safari, za kifua chako, za hao unaoishi nao. Anakuuliza kama una mtu wa kukupikia. Hakuulizi umekuja na nini, na nataka ulisikilize vizuri hilo, kwa sababu barua zako zote zinasema utakuja ukishapata cha kubeba. Huku hakuna anayekiulizia. Akimaliza maswali yake, ananyamaza. Anaweka viganja mapajani, anakutazama kwa lile jicho la kushoto, anasubiri umpigie makofi na wewe.

Anasubiri sana, Mjomba. Jogoo anaingia, anazunguka, anatoka, Bibi hajahama. Mwishowe anakuambia umechoka na njia, upumzike, utajibu. Ndipo anainuka, polepole, akishika ukuta.

Nilipokuwa nauunganisha mkanda, Mwalimu Lugano alikaa pembeni yangu. Tulipofika kwenye ule ukimya akanyoosha mkono kwenye kitufe, akasema hapa panatosha, mteja atadhani deki imeharibika. Nilimwambia hapana. Sijawahi kumwambia mwalimu wangu hapana. Kwa kuwa hajui Kifipa akaniuliza mama huyu anasema nini, anangoja nini. Nikamweleza kila neno. Akaondoa mkono kwenye kitufe. "Basi mwache mama asubiri," akasema, akatoka nje. Nadhani na yeye ana mtu Mbeya.

Mkanda nimeufunga pamoja na barua hii. Unaokuja kwako ndio wa kwanza, si nakala, kwa sababu kila ukinakili picha inafifia na sikutaka Bibi afifie. Tafuta mtu mwenye deki nzima isiyotafuna mikanda. Tafadhali usiutazamie kwenye banda la video mbele ya watu wanaokula karanga. Ukifika kwenye ukimya, usiupeleke mbele.

Mimi masomo yangu yanaisha Desemba. Mwalimu amesema nikiendelea hivi atanipa kazi, ila kwenye harusi za watu nifupishe kama kawaida. Nimekubali. Salamu nitazifupisha, lakini sitazitoa tena.

Mama anakusalimu sana, anasema bado anatunza lile koti lako na kila mwaka analianika. Evodia na Shedrack wanakusalimu na wanakushukuru kwa kadi. Eustaki anakusalimu, anakumbuka mlivyokuwa mnacheza mpira pamoja. Utusalimie majirani zako wa Tanga wanaokutazama ukiugua.

Bibi hajatuma salamu. Nilimuuliza jana nikuandikie nini, akasema zake ziko kwenye mkanda, na hawezi kukutumia nyingine kabla hujajibu za kwanza. Nikamwambia utajibu kwa barua. Akanionyesha viganja vyake, akaniuliza makofi yanaandikwaje.

Mungu akulinde, akupe afya, na akunyooshee njia ya kuja huku jicho la Bibi likiwa bado linaona mchana. Kigoda hatujakiondoa.

Mimi mpwa wako nikupendaye,

Rozina